Jinsi ya Kuwa Mtangazaji wa Televisheni: Anza na Sikio

Usaili wangu wa kwanza wa utangazaji haukufika hata dakika kumi. Nilipewa karatasi ya habari, nikaketi mbele ya kamera, nikasoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Sauti ilitulia, mabega yalinyooka, shati lilikuwa limepigwa pasi. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa amekaa kimya pembeni muda wote akaniambia, "Asante. Sasa igeuze hiyo karatasi, utusimulie ulichosoma." Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilikumbuka kulikuwa na bajeti, kulikuwa na waziri, kulikuwa na takwimu. Nani kafanya nini, na kwa nini mtu aliyekaa sebuleni kwake aijali habari hiyo, sikuwa nalo jibu. Macho na mdomo vilisoma, kichwa hakikuwapo.

Kazi ile sikuipata, na ilikuwa haki. Swali la mama yule nimelibeba tangu siku hiyo. Vijana wengi wanaoniuliza waingieje kwenye televisheni huanza na sura, mavazi na sauti. Hivyo vina nafasi yake na nitavigusa. Ila kazi yenyewe, ukiimenya hadi kiini, ni kusikiliza, kuelewa, kisha kumweleza mtu mmoja kile ulichoelewa. Mengine yote yanajengwa juu ya hapo.

Hatua ya kwanza: jua unataka kiti gani

Neno "mtangazaji" linabeba kazi nyingi zisizofanana. Msomaji wa habari hukaa studio na anapimwa kwa usahihi na utulivu. Ripota yuko nje, juani au kwenye mvua, akieleza jambo ambalo bado linatokea. Mwendesha mahojiano anaishi kwa maswali. Mwendesha kipindi cha asubuhi huamka watu wakiwa usingizi wa manane, na inambidi awe mchangamfu kabla jua halijachomoza, siku tano kwa wiki. Wapo wa michezo, wa hali ya hewa, wa vipindi vya watoto. Usichague kwa kuangalia nani anapendeza kwenye skrini. Chagua kwa kuangalia siku nzima ya kazi ya mtu huyo, kisha ujiulize kama ungeiweza miaka kumi.

Na ukikosea kiti, usidhani umekosa kazi. Oprah Winfrey aliajiriwa mwaka 1976 kusoma habari za jioni katika kituo kimoja cha Baltimore, Marekani, na mwaka uliofuata akaondolewa. Mwaka 1978 wakampa kipindi cha mazungumzo, na huko ndiko alikoonekana alivyo. Mtu alikuwa yuleyule, kilichobadilika ni kiti.

Hatua ya pili: sauti na matamshi

Huhitaji sauti nzito. Unahitaji sauti yako mwenyewe, iliyofunguka, yenye pumzi ya kutosha kufika mwisho wa sentensi. Weka mkono tumboni, vuta hewa mpaka mkono usogee mbele, kisha itoe polepole kwa sauti ya "ssss" huku ukihesabu sekunde. Ukianza na kumi na tano si vibaya. Fanya kila asubuhi, utaona namba inapanda. Mabega yakipanda unapovuta hewa, unapumulia kifuani, na sauti itakatika pale unapoihitaji zaidi.

Halafu ulimi. Kila mmoja wetu amekuja na lafudhi ya kwao, na lafudhi si dhambi. Kinachosumbua ni pale maana inapogeuka. Mtangazaji anayesema wananchi wamejitokeza "kupiga kula" anawapoteza watazamaji kwenye habari nzito ya uchaguzi. Pima herufi zako: *r* na *l*, *dh* na *z*, *th* na *s*, *gh* na *g*, *ng'* na *ng*. Dhahabu isiwe "zahabu", thelathini isiwe "selasini". Pima na mkazo pia: barabara ya kupita magari na kufanya jambo barabara huandikwa sawa, lakini sikio linazitofautisha. Rudia vitanza ndimi kama "kale kakuku ka kaka kako wapi kaka" taratibu kwanza, kisha haraka, mpaka midomo ilegee.

Kuhusu kasi, kuna habari moja inayosimuliwa sana katika fani hii. Walter Cronkite, aliyesoma habari za televisheni ya CBS nchini Marekani kuanzia 1962 hadi 1981, alijizoeza kusema maneno kama 124 kwa dakika, chini kabisa ya mwendo wa kawaida wa Wamarekani, ili asikike vizuri. Usiinakili namba hiyo. Neno letu moja kama "nilimwambia" linabeba sentensi nzima ya Kiingereza, kwa hiyo maneno yetu ni machache na marefu zaidi. Soma ukurasa kwa mwendo unaoeleweka, hesabu maneno ya dakika moja, na hiyo ndiyo namba yako. Utaihitaji kila utakapoambiwa, "Una sekunde arobaini."

Hatua ya tatu: andika kwa ajili ya sikio

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha mtangazaji na mtu mwenye sauti nzuri. Msomaji wa gazeti akipotea anarudi juu. Mtazamaji harudi popote. Sentensi ikishapita imepita, na kama hakuielewa, ameipoteza na ya pili yake pia.

Tuchukue habari ya kubuni, iliyoandikwa kigazeti:

"Wakulima wapatao 1,247 kutoka vijiji 38, ambao mazao yao yaliharibiwa na mafuriko yaliyotokana na mvua zilizonyesha mfululizo kwa muda wa siku 9, wameitaka serikali kuharakisha mchakato wa utoaji wa fidia, kwa mujibu wa taarifa ya mwenyekiti wao."

Isome kwa sauti. Utaishiwa pumzi katikati, na kufikia "fidia" mtazamaji ameshasahau ni nani anayeidai. Sasa hii:

"Mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Mashamba ya vijiji thelathini na vinane yakazama. Leo mwenyekiti wa wakulima amesema, watu zaidi ya elfu moja na mia mbili wanataka fidia yao itolewe haraka."

Tazama kilichofanyika. Mambo yamepangwa kama yalivyotokea. Namba ya watu imepunguzwa makali, kwa sababu sikio halishiki 1,247 ila linashika "zaidi ya elfu moja na mia mbili". Na msemaji ametangulia maneno yake, ili mtazamaji ajue ni kauli ya nani kabla ya kuisikia. Nilivutiwa kumalizia na "wanauliza, fidia yetu iko wapi?" Ingependeza. Lakini hawakuuliza hivyo, na mtangazaji hana ruhusa ya kuwatilia watu maneno mdomoni kwa sababu ya pambo.

Chukua habari moja kila siku, iandike upya namna hii, kisha fanya lile zoezi la mama yule: geuza karatasi, isimulie. Ukiweza kuisimulia kwa sentensi tatu bila kutazama, uko tayari kuisoma.

Hatua ya nne: kaa mbele ya kamera

Kamera si umati. Hata kama wanaokutazama ni laki nyingi, kila mmoja yuko kwake, na wengi wako peke yao au na mtu mmoja pembeni. Ukisema "nyote mnaotutazama popote mlipo" kwa sauti ya mkutano wa hadhara, hakuna aliyesemeshwa. Mimi nilichagua mtu: shangazi yangu, aliyekuwa na akili kali na hakupata kusoma sana. Kila nikitazama lenzi nilimweleza yeye. Sauti ilishuka yenyewe, uso ukalegea, maneno makubwa yakakosa pa kukaa.

Simu inatosha kwa mazoezi. Isimamishe usawa wa macho, dirisha liwe mbele yako na si mgongoni, tazama tundu la lenzi na si picha yako kwenye kioo cha simu. Jirekodi dakika mbili kila siku. Kisha itazame mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti: utaona mikono inayotangatanga, kichwa kinachotikisika kila neno, nyusi zisizotulia. Mara ya pili geuka, usikilize tu: utasikia "eeh", "yaani", na ile tabia ya kushusha sauti mwisho wa kila sentensi. Mara ya tatu tazama vyote pamoja. Wiki ya kwanza ni ngumu, hakuna anayependa kujiona. Vumilia.

Ukifika studio utakutana na prompta, kile kioo mbele ya lenzi kinachopitisha maandishi. Kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, anayeiendesha anakufuata wewe, si wewe unayemfuata yeye. Ukiona maandishi yanakimbia usikimbie nayo, punguza mwendo naye atapunguza. Pili, shika karatasi zako mkononi na uzigeuze habari kwa habari hata kama huzisomi, maana siku prompta itakapozimika, karatasi ya juu ndiyo itakayokuokoa.

Mavazi ni mambo machache. Mistari myembamba na miraba midogo hucheza kwenye picha kama maji yanayotetemeka. Nyeupe kali huvuta mwanga wote kutoka usoni. Kijani achana nayo kama nyuma yako kuna pazia la kijani, lile ambalo mitambo huligeuza kuwa picha nyingine, la sivyo utabaki kichwa na mikono. Bangili na mikufu hugonga maiki. Vaa nguo yenye ukosi au pindo la kubania maiki na mkanda wa kuning'iniza kisambazaji chake, na usikatae poda, wewe mwanamume pia. Katika mdahalo wa televisheni wa wagombea urais wa Marekani, tarehe 26 Septemba 1960, Richard Nixon, aliyekuwa ametoka kuugua, alikataa kupambwa na wataalamu na akavaa suti ya rangi hafifu iliyomezwa na ukuta wa nyuma. John Kennedy alivaa suti ya rangi iliyokolea na kuonekana mwenye afya. Mdahalo huo unazungumzwa hadi leo kwa sababu ya hilo.

Hatua ya tano: jifunze kusikiliza ukiwa hewani

Niliwahi kumhoji mwanariadha mubashara. Nilikuwa na maswali kumi na mawili kwenye kadi, nimeyapanga vizuri. Alikuwa akijibu swali la nne, nami nimeinamisha macho natafuta la tano, aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baada ya jicho hili la kulia kuacha kuona, niliendelea tu na mazoezi." Nikainua uso nikatabasamu, nikamuuliza matarajio yake kwa msimu ujao. Kwenye kifaa cha sikioni prodyusa, msimamizi wa kipindi, akasema taratibu, "Umesikia alichosema?" Sikuwa nimesikia. Watazamaji wote walisikia, mimi niliyekaa naye mita moja sikusikia. Sekunde thelathini zilipita kabla sijarudi kwenye jicho lile, na yeye alikuwa ameshajifunga.

Tangu hapo naingia na maswali matatu. La kufungulia, la lazima, na la kufungia. Mengine yanatoka kwenye majibu. Uliza swali moja kwa wakati mmoja, liwe fupi, kisha nyamaza. Mgeni akimaliza, hesabu moja, mbili kimoyomoyo kabla ya kusema. Mara nyingi atajaza kimya hicho kwa kile ulichokuwa unakitafuta.

Ugumu ni kwamba unasikiliza watu wawili. Mgeni yuko mbele yako, na kwenye kifaa cha sikioni chumba cha mitambo kinakuhesabia: "Dakika moja... thelathini... kumi, tisa, nane..." Lazima ufunge mazungumzo ikifika sifuri, bila kumkata mgeni kama kisu na bila uso kuonyesha kwamba kuna mtu anakusemesha. Hili linafundishika nyumbani. Vaa spika ya sikio upande mmoja, weka redio, kisha mweleze rafiki jinsi ya kufanya kitu unachokijua. Ukizoea, mwombe mtu akuhesabie kushuka kutoka thelathini wakati unaongea, umalize sentensi kwenye sifuri. Baada ya wiki tatu za kila siku nilianza kuiweza.

Hatua ya sita: ingia kwa mlango ulio wazi

Wachache sana huanzia kwenye kiti cha mbele. Barbara Walters aliingia kwenye kipindi cha asubuhi cha televisheni ya NBC ya Marekani mwaka 1961 kama mwandishi na mtafiti. Mwaka 1976, akiwa televisheni ya ABC, akawa mwanamke wa kwanza kushiriki kuongoza taarifa ya habari ya jioni ya mtandao mkubwa wa televisheni nchini Marekani. Kati ya miaka hiyo kuna kazi nyingi ambazo hazikuonekana.

Kwa hiyo kubali utafiti, kubali kupokea wageni wa kipindi, kubali kuandika, kubali redio. Redio hasa, kwa sababu inakufundisha kujaza muda kwa maneno peke yake bila msaada wa picha. Stashahada au shahada ya uandishi wa habari inasaidia, na vituo vingi huiulizia, lakini mafunzo kwa vitendo ndiyo yanayokuweka karibu na mlango siku mtangazaji fulani anapougua. Ukiwa na fani nyingine, kama sheria, kilimo au tiba, usiitupe. Anayelijua jambo na anaweza kulieleza ni adimu kuliko anayeweza kueleza tu. Huku ukisubiri, anzisha kipindi chako kidogo mtandaoni, kwa siku na saa isiyobadilika. Mwajiri akiona vipindi thelathini vilivyotoka kila Jumanne, amejifunza jambo juu yako ambalo barua ya maombi haiwezi kumwambia.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usaili ni kazi, hufanyika mahali pa kazi. Yeyote anayekuitia hotelini usiku, anayekudai fedha ili akuweke hewani, au anayetaka mwili wako badala ya video zako, hana kazi ya kukupa. Mwambie mtu unayemwamini, tunza ujumbe aliokutumia, ondoka. Hujapoteza nafasi, kwa sababu haikuwapo.

Hatua ya saba: demo na usaili

Demo, yaani video fupi ya kuonyesha kazi zako, isizidi dakika tatu. Anza na kipande chako bora kabisa, kwa sababu anayechagua ana rundo la kuangalia, na wengi huamua mapema sana. Weka kipande ukisema na kamera moja kwa moja, kipande cha mahojiano kinachoonyesha unavyosikiliza, kipande ukiwa nje, na kimoja ukiongea bila kuandika kwanza. Jina na namba ya simu viwepo mwanzo na mwisho. Achana na muziki mzito na picha zinazorukaruka. Wanataka kukuona wewe ukifanya kazi, si mhariri wa video.

Kwenye usaili, tazama kituo hicho kwa wiki nzima kabla ya kwenda. Ukipewa karatasi, omba dakika moja uisome kwa sauti ya chini, uliza jina usilojua linatamkwaje. Kuuliza hakukupunguzii alama, kukosea jina la mtu ndiko kunakopunguza. Ukikwama, usiombe kuanza upya, endelea. Wanajua utakosea, wanaangalia unavyoinuka.

Ukipata, soma mkataba kabla ya kushangilia: siku ngapi za kazi, nani anamiliki video zako, unaruhusiwa kufanya matangazo ya biashara au hapana, na unaweza kuondoka kwa notisi ya muda gani.

Hatua ya nane: siku ya kwanza hewani

Fika mapema upime sauti na kiti. Tangu maiki inapobanwa kwenye nguo, chukulia kwamba inasikika, hata wakati wa mapumziko. Majina na namba ngumu ziandike kwa matamshi kwenye karatasi yako. Ukikosea, sahihisha papo hapo kwa sentensi moja, "Samahani, ni milioni tatu, si thelathini," kisha songa mbele. Anayejieleza sana hufanya kosa liwe ndiyo habari.

Ikitokea habari ya ghafla ambayo haijaandikwa, shika mambo matatu: tunachojua, nani kasema, ambacho bado hakijathibitishwa. Tarehe 22 Novemba 1963, ripoti za kifo cha Rais Kennedy zilipoanza kuingia, Cronkite alizitaja lakini akaeleza wazi kwamba hakuna uthibitisho rasmi. Taarifa iliyoonekana kuwa rasmi ilipomfikia ndipo akavaa miwani, akaisoma, akaivua, akaangalia saa ya ukutani, akameza mate, akaendelea. Dunia yote ilikuwa na haraka siku ile, na yeye alisubiri.

Kipindi kikiisha, washukuru kameramani na fundi sauti kwa majina yao, kisha omba rekodi. Itazame usiku huohuo mara moja tu. Chukua daftari, andika kitu kimoja cha kurekebisha kesho, kimoja tu. Changu cha siku ya kwanza bado ninacho: "Usiangalie kadi mgeni anapoongea." Funga daftari, ulale, maana simu ya kipindi cha asubuhi inaweza kuita saa tisa usiku.